Ukimya wa Bi Ngoja

Mwenye shule aliamini jambo moja kuhusu walimu: mwalimu mzuri husikika mpaka barabarani. Basi fikiria mateso yake kila alipopita nje ya darasa la jioni, ghorofani juu ya duka la vioo, akatega sikio asisikie kitu. Watu wazima waliotoka makazini, wamelipa ada wajifunze Kiingereza, wamekaa wanatazamana na mwalimu wao. Na mwalimu amekunja mikono kifuani, ametulia kama anayesubiri chai ichemke.

Jina la Bi Ngoja hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi hao hao. Akiuliza swali, mtu akakwama katikati ya jibu, na jirani akataka kumtupia neno, yeye huinua kidole. "Ngoja." Na wote wakangoja. Dereva wa teksi aliwahi kukwama mpaka jasho likamtoka, akitafuta namna ya kumwambia abiria kwamba barabara imefungwa. Akaipata mwenyewe, na hajaisahau tena. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," Bi Ngoja aliwaambia, "sembuse neno!" Alifundisha watoto wa watu maisha yake yote kabla ya kustaafu, na alijijua. Wako walimu wanaokiogopa Kiingereza hata wakikifundisha. Yeye alikitawala kama mama anavyotawala jiko lake.

Ndipo akatokea kijana akitafuta kazi ya kufundisha. Cheti kipya, shati limenyooshwa, Kiingereza kinambubujika kama bomba lililopasuka. Tusimwonee, hakuwa debe tupu, lugha aliijua. Mwenye shule alimsikiliza mara moja tu akapenda. Akamwendea Bi Ngoja, kwa adabu, maana angeweza kuwa mama yake.

"Mama, Alhamisi nitakuja kukaa darasani. Nikiona wanafunzi wanasema, sawa. Nikikuta kimya kile, utanisamehe. Darasa nampa kijana."

"Karibu," akasema Bi Ngoja. "Viti tunavyo."

Nyumbani binti yake alishika kichwa. "Mama, siku moja tu! Ongea, jaza darasa maneno. Akishaondoka, rudia kimya chako."

"Nikiongea mimi, wao wataongea saa ngapi?"

"Na wakikufukuza?"

Bi Ngoja alishafiwa na mume, na shule aliyoitumikia ilishamuaga kwa hotuba na saa ya ukutani. Darasa la jioni ndilo lililobaki kuwa lake, na alilipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu. "Wakinifukuza nitalia," akasema. "Lakini watanikuta nafundisha."

Asichojua ni kwamba wanafunzi nao walikuwa na njama yao. Muuza nyama, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kutishia ng'ombe, aliwakusanya wenzake buchani baada ya kufunga. Maswali ambayo Bi Ngoja hupenda kufungulia somo waliyajua. Wakagawana majibu kutoka kitabuni, marefu, yaliyonyooka, wakayakariri mbele ya mizani na visu. "Mama yetu haondoki," akaapa muuza nyama. "Ng'o!"

Alhamisi mwenye shule akakaa nyuma, amekunja nne. Bi Ngoja akauliza swali la kwanza, akakunja mikono angoje. Hakupata cha kungoja. Muuza nyama alijibu kabla swali halijapoa. La pili akalidaka muuguzi, bila kuvuta pumzi. La tatu, dereva. Mwenye shule alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, lakini Bi Ngoja watu hawa hakuwatambua.

Mara mwenye shule akatamani naye kuuliza. Akamgeukia muuguzi, akataka kujua anafanya kazi wapi. Masikini muuguzi, jibu lake alikuwa ameshalitumia. Akababaika, akashika lililokuwa karibu, akaeleza kwa Kiingereza fasaha kwamba likizo ijayo ataenda mlimani na babu yake kupiga picha za ndege.

Mmoja alicheka. Wengine wakainama. "Kumbe ni kasuku," akasema mwenye shule kwa Kiswahili, akiinuka. "Mama, umewakaririsha."

Bi Ngoja alielewa papo hapo nani kafanya nini, na kwa nini. Ikamuuma, na ikamfurahisha: wapumbavu hawa wanampenda! Angeweza kuwataja akajiokoa. Hakuwataja.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Somo ndiyo kwanza linaanza."

Akawageukia wanafunzi, akasema kwa Kiingereza: mwenye shule hatumpati kila siku. Mwambieni linalowakera katika jengo hili.

Akakunja mikono. Kimya kikatanda. Mwenye shule akakohoa, akafungua mdomo awasaidie. Kidole kikainuka, naye akaufunga.

Aliyeanza ni muuguzi, macho bado yana machozi ya aibu. Choo, akasema. Choo cha wanawake. Akakwama, na hakuna aliyemtupia neno. Mlango haufungi! Mmoja akiingia, mwenzake lazima asimame nje aushike. Kiingereza chake kilichechemea, lakini kilifika. Dereva akaongeza kwamba taa ya ngazini imekufa na yeye alishaanguka. Muuza nyama akasimama, akapiga meza, akauliza kama nyumbani kwa mwenye shule choo kina mlango. Darasa zima likawaka, watu wakikatizana, wakikosea na kujisahihisha, hasira imewasahaulisha woga.

Mwenye shule ilibidi ajitetee. Na kwa kuwa ameshtakiwa kwa Kiingereza, aliona haya kujibu kwa Kiswahili. Alianza vizuri. Jengo si langu, akasema, mimi ni mpangaji tu. Kwa mkataba wetu mwenye jengo ndiye aliye na... aliye na...

Akakwama. Akagusa tai, akatazama dari. Dereva alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi. Muuza nyama akamwekea mkono begani kumzuia. Wote wakamtazama mwenye shule bila kumcheka, kwa subira ileile waliyozoea kupewa wao. Jasho jembamba likamtoka. Katika maisha yake yote ya shule hakuna aliyewahi kumngoja. Akikwama alichapwa, au aliulizwa mwingine.

Kisha neno likaja. Akalitamka kwa kunong'ona, halafu kwa sauti: mwenye jengo ndiye aliye na wajibu! Wajibu wa kutengeneza! Akaimaliza sentensi yake mpaka mwisho, na uso ukamkunjuka kama mtoto aliyesimama dede. Muuza nyama akamjibu kwamba amesikia, na mlango bado anautaka.

Bi Ngoja alikuwa hajasema neno.

Mwenye shule akabeba kiti chake kutoka nyuma, akakiweka mstari wa mbele, kando ya muuguzi, akakaa.

"Kijana nitampa darasa la asubuhi," akasema, akifuta uso. "Mama, niulize jingine."