Jiji ya Mzee Tak

Kwa miaka kumi na mmoja Tak Eunsuk aliwapima watu ambao hakuwahi kuwaona. Alifanya kazi katika kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta kule Pangyo, mtaa wa makampuni ya kompyuta, akitunza namba za wachezaji wa Ngome Tisa, mchezo wa vita ambamo watu wawili hupambana mtandaoni kwa majeshi yao mpaka ngome ya mmoja ianguke. Kila mchezaji ana namba yake. Ukimwangusha aliyekuzidi, namba yako inapanda sana. Ukimwangusha mnyonge, inapanda kiduchu. Ikitunzwa kwa haki, inakukutanisha na mtu wa kimo chako, leo ushinde, kesho ushindwe. Eunsuk aliijivunia kazi hiyo, na hakuwa mtu wa majivuno.

Katika maelfu yale ya wachezaji, mmoja alikuwa baba yake. Mzee Tak Manbok, dereva wa basi mstaafu wa mji wa Gunsan, alianza kucheza mwaka aliofiwa na mkewe. Kila siku saa tatu asubuhi aliingia kwenye ukumbi wa kompyuta karibu na stendi, akaagiza tambi za moto zenye yai, akacheza mechi tatu, si zaidi. Mama yake mzee huyu alikufa kwa ugonjwa wa kusahau, akiwa hamjui tena hata mwanawe, na tangu hapo Mzee Tak alikuwa akiikagua akili yake kila siku kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Namba ndiyo iliyomtuliza. "Bado elfu moja mia tano na arobaini," alimwambia bintiye kwenye simu kila Jumapili. "Kichwa bado kinashika barabara!"

Halafu alikuwa na adabu zake za kizamani. Kwa wachezaji wa zamani wa kule, anayeshindwa huandika neno moja kabla ya kutoka: jiji. Si jiji la watu na magari, hapana. Maana yake nimekubali, umenishinda kihalali. Vijana wengi siku hizi wakizidiwa huzima kompyuta na kutokomea. Mzee Tak hakuwahi kukimbia. Hata akibakiwa na ukuta mmoja alikaa mpaka mwisho, akaandika jiji, na kumshukuru aliyempiga. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwezi wa nne, mkuu wa kitengo, Gu Bonseok, mtu wa tabasamu zuri kupita kiasi, alimwita Eunsuk ofisini.

"Bi Tak, wateja wetu wakubwa wakipigwa mara mbili mfululizo wanafuta mchezo. Mara mbili tu! Watu wazima na ndevu zao wananuna!"

"Wanapigwa kwa sababu wamekutana na wenzao, Mkuu."

"Ndiyo hapo sasa. Namba yako ni hakimu. Mimi sitaki hakimu, nataka mpishi. Mgeni akikaribia kukasirika, aletewe mnyonge ampige."

"Na huyo wa kupigwa?"

Gu akacheka. "Wapo wasiokasirika. Wapige leo mechi zote, kesho wamerudi. Tena wanajitaja wenyewe, wanaandika jiji! Kompyuta iwahesabu hao."

Eunsuk alibisha wiki mbili, kisha akaandika alichoagizwa. Tuseme wazi, aliogopa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na Pangyo imejaa watu wa miaka ishirini na sita wanaoijua kazi yake. Akatia sahihi pia karatasi ya kutunza siri.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kimyakimya. Walioandika jiji mara nyingi waliwekwa kwenye orodha, na kila walipoingia uwanjani walitupiwa wale wateja wakubwa, wakali waliojiandikisha upya kwa majina mapya, ambao namba zao zilikuwa bado ndogo kuliko uwezo wao. Kwa nje ilionekana wamelingana. Wakali wakiwashukia wanyonge namna hiyo, wachezaji wa kule huita kuchinja raia. Miaka yote Eunsuk alikuwa akiuzuia uchinjaji huo. Sasa akaupangia ratiba.

Hakumfikiria baba yake hata kidogo. Sisemi hivyo kumtetea, maana hakuna utetezi hapo. Baba kwake alikuwa sauti ya Jumapili.

Mwezi wa sita sauti ile ilisema, "Elfu moja mia nne. Joto limenichosha." Mwezi wa saba ikasema, "Elfu moja mia mbili na sitini," bila kueleza. Mwezi wa nane haikutaja namba yoyote. Eunsuk alipouliza, mzee alisimulia habari za nyanya zake, kisha akakata simu mapema. Hapo binti akaanza kushuku. Kesho yake aliifungua orodha. Jina la baba yake lilikuwa la sita kutoka juu, na pembeni yake: jiji elfu tatu mia tatu kumi na mbili.

Alikwenda moja kwa moja kwa Gu. "Kuna mtu nataka atolewe."

"Nani?"

"Mzee mmoja."

"Ukimtoa, unaandika sababu, na sababu inasomwa na wakubwa. Utaandika nini?" Gu alisubiri. Eunsuk akaanza kuelekea mlangoni. "Bi Tak, ni mchezo tu. Nani kaumia?"

Akarudi kwenye kiti chake. Alijiambia atamweleza mzee Chuseok, sikukuu ya mavuno, ana kwa ana, kwa sababu mambo kama hayo hayafai simuni. Wiki tano zikapita, na kila Jumapili alimwacha mzee azungumzie nyanya.

Siku ya sikukuu alifika Gunsan na kasha la mapeasi. Gari la baba yake halikuwepo mlangoni. Jikoni alikuta vikaratasi kila mahali, kwa mwandiko wa mzee ulionyooka: CHUMVI. DAWA, ASUBUHI. GESI, ZIMA. Juu ya friji: EUNSUK NI BINTI YAKO, na namba yake ya simu.

"Baba, gari liko wapi?"

"Nimeuza. Leseni nimerudisha. Nimebeba watu miaka thelathini, sitaki kuja kuua mtu uzeeni." Alisema kwa utulivu wa kutisha. "Na ile nyumba ya wazee kule kilimani wamenipa nafasi. Naingia mwezi ujao. Afadhali niingie nikijua jina langu."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema mzima. Eti nichore saa, nikachora. Mambo ya chekechea! Namba ndiyo inayojua, mwanangu. Miaka sita sikushuka, na sasa miezi mitano niko elfu moja na themanini. Si wewe mwenyewe uliniambia namba yako haimwonei mtu?"

Eunsuk alikaa sakafuni akamweleza yote: orodha, wakali, jiji zake elfu tatu, karatasi aliyotia sahihi, hofu yake. Alilia mpaka pua ikaziba. Mzee Tak alimsikiliza bila kumkatiza, huku akimenya peasi taratibu, ganda likishuka refu bila kukatika.

"Si wewe, Baba. Ni sisi. Ni mimi. Nitakuletea orodha uione kwa macho yako, hata wakinifukuza."

"Usijisumbue, mwanangu mwema." Alimshika kichwa, jinsi alivyomshika alipokuwa mdogo. "Bibi yako alipoanza kupotea aliweka viatu kwenye sufuria ya wali. Nikamwambia, mama, si wewe, ni mimi niliyeviweka. Nikamweleza na saa niliyoviweka, na sababu yake, huku nalia. Nilipanga maneno vizuri, kama wewe."

"Baba, naapa!"

Mzee alimwekea kipande cha peasi mkononi, akamfunga vidole.

"Na mimi niliapa," akasema.