Upepo Uliokimbia Kwenye Mlima wa Fizi

Niliondoka Uvira kwa sababu ya karatasi moja iliyonifikia ndani ya kifurushi cha ndagala. Aliyeiandika ni mjomba wangu Etabo, shofere wa Komisere wa zone, mkuu wa serikali kule Fizi. "Mpwa wangu, gari ya mukubwa inamupulizia upepo ya moto. Banasema mi njo naiharibu kusudi. Jumamosi mugeni wa Bukavu anafika. Kama haijapona, batanifunga. Kuya na ile akili yako ya shule ya mekaniki ya saa za magaribi."

Akili hiyo ninayo, na cheti pia. Mwalimu wetu wa mekaniki alitamka mbele ya darasa zima kwamba tangu ziwa lichimbwe hajaona mwanafunzi kama mimi. Darasa zima lilikuwa watu tisa, na wanane walikuwa wamesinzia.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la chumvi, sanduku la vyombo mapajani. Barabara ile ina mashimo ambayo mbuzi akiingia, anatoka na wajukuu. Lakini mashimo hayakunisumbua kama kusimama. Kila lori liliposimama niliruka chini kabla magurudumu hayajatulia, nikazunguka, nikapanda, nikashuka tena.

Saa sita mchana, Mboko. Mbao za daraja zilikuwa zimetoka, tukangoja zipangwe upya. Mama mmoja muuza muhogo alinitazama mpaka akachoka.

"We papa, keti! Unazunguka sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga."

"Mama, mjomba wangu ananingojea."

"Angoje. We ukifika na njaa, njo utamusaidia nini?"

Nilikula nimesimama.

Jioni, Baraka. Mjomba alikuwa kando ya barabara, abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, imempwaya kama ameazima kwa mtu mnene. Hakuniuliza habari ya nyumbani. Alianza moja kwa moja.

"Hapa chini, kwenye barabara ya sawasawa, ile mashini ya baridi ya ndani ya gari inapuliza muzuri. Nikianza kupanda Fizi, upepo unatoka kwa uso ya mukubwa, unaenda kwa kioo na kwa miguu, tena moto. Balitafuta shofere ingine aijaribu. Aliijaribu hapa hapa Baraka, ikapuliza muzuri. Sasa banasema: unaona? Ni Etabo."

Ijumaa asubuhi nilifungua kapo, kifuniko cha moteri. Gari ilikuwa ya Kimarekani, nyeusi, ndefu kiasi kwamba taa za mbele zilikuwa Baraka na za nyuma bado Mboko. Katika gari za namna ile, vile vijilango vinavyoelekeza upepo havivutwi na waya. Vinavutwa kwa kunyonya: moteri inanyonya hewa, tuyo nyembamba za mpira zinapeleka ule mnyonyo mpaka kwenye vikopo vidogo chini ya dashibodi, navyo vinavuta vijilango. Mnyonyo ukipotea, vijilango vinarudia njia yao wenyewe, kwenye kioo na miguuni, na maji ya moto yanafunguliwa.

Basi nilichomoa tuyo moja moja, nikaziba ncha moja kwa kidole, nikanyonya nyingine kwa mdomo, nikaiziba kwa ulimi. Ulimi ukinasa na kukaa, tuyo ni nzima. Ukiachia, kuna tundu.

Askari aliyelinda gari alisogea. "Docteur, unakula gari?"

"Naionja tu."

"Iko na chumvi?"

Tuyo kumi na nne, zote nzima. Ulimi wangu ulivimba kama wa ng'ombe wa Minembwe.

Saa nne tukapanda Fizi, mjomba na mimi. Kwenye mwinuko mkali wa kwanza alikanyaga mafuta mpaka chini, na pale pale upepo ukatoka usoni mwangu, ukakimbilia kwenye kioo na miguuni. Nikapiga goti langu kofi. Ukikanyaga mpaka chini, moteri inaacha kunyonya kwa nguvu. Ndiyo maana pana tangi dogo la kuweka akiba ya mnyonyo kwa ajili ya mlima. Hapa akiba ilikuwa inavuja. Kule chini moteri ilinyonya upesi kuliko tundu lilivyovuja, ikalificha.

"Simama, mjomba!"

Tangi lilijificha ndani ya bawa la kushoto, lile bati la juu ya gurudumu la mbele. Niliingiza ncha moja ya kipande cha tuyo, nyingine nikaiweka sikioni: fsss. Kidole kikagusa ncha ya visi, skrubu ndefu iliyolitoboa tangi. Nikatazama juu ya bawa, mahali visi ile ilipoanzia. Palikuwa na mlingoti wa bendera.

"Nani alitoboa hapa?"

"Mi."

"Nani alionyesha fasi?"

Mjomba alitazama barabara, juu, kisha chini. "Mukubwa. Kwa kidole yake."

"Na ulijua?"

"Ilipiga filimbi siku ile ile. Ningesema nini? Bendera njo inaharibu gari?"

Bendera haikuguswa. Tulirudi Baraka mbio kutafuta tangi jingine kwa Asumani, mtengeneza taa za makopo. Alichukua kopo la maziwa, akaliunga kwa risasi ya kuyeyusha, akaweka midomo miwili ya kuchomekea tuyo, akalizamisha kwenye beseni na kupuliza kama afanyavyo taa zake zote. Hakuna povu hata moja.

"Taa yangu haivuje mafuta, itavuja upepo?"

Nilipoliunganisha na kuwasha moteri, kopo likajikunja pyaa! kama karatasi ya peremende. Sote wawili tulikuwa tumesahau: kopo linalostahimili kupulizwa halistahimili kunyonywa. Asumani alicheka, kisha akaona uso wa mjomba, akaacha. Akachimbua kwenye vyuma vyake kipande cha bomba la pampu ya maji, akaziba ncha zote mbili. Saa kumi na moja kilikuwa kimefungwa mahali pake.

Jumamosi asubuhi Komisere, aliyekuwa Baraka kumngoja mgeni, alitaka kujaribu mwenyewe. Alikaa nyuma, mimi mbele. Njiani nilitunga uongo mzuri: mpira wa tuyo umezeeka. Halafu nikakumbuka ni nani anayetunza mpira wa gari: shofere.

Tulimaliza mwinuko mkali. Upepo ulibaki usoni, baridi.

"Ilikuwa nini?" akauliza Komisere.

"Citoyen Komisere, ni visi moja. Ni ndefu."

"Visi gani?"

"Ya bendera."

Mjomba alikata kona.

"Nani aliiweka?" akauliza Komisere.

"Mi, citoyen," akasema mjomba.

Komisere alisogea mbele, akaitazama bendera. "Andika katika rapport: visi mubaya. Ya kutoka ng'ambo."

"Na shofere?" Sauti yangu ilitoka kama ya panya.

"Shofere aendeshe. Mugeni anafika saa tano."

Jumapili nilirudi Uvira, na safari hii nililala juu ya magunia njia nzima. Nilichojifunza ni hiki: gari ikilegea mlimani tu, siulizi kwanza nini kimezeeka. Nauliza nini kimeongezwa, na nani alisimama pale akaonyesha kwa kidole. Swali hilo la pili naliuliza polepole, mlango wa garaje ukiwa umefungwa.