Baba wa Bango Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Élisabethville, nilikabidhiwa jiwe zito na mchanga wenye maji, nikaambiwa nisugue. Nilidhani nimeadhibiwa kabla ya kukosa. Kumbe kazi ya mabango ilianzia hapo: jiwe la chokaa lilisuguliwa mpaka likalainika, picha ikachorwa juu yake kwa kalamu ya mafuta, kisha likatiwa maji na wino. Wino ulishika penye mafuta tu, na karatasi ikabanwa juu kwa mashine.

Nyumba ile ilianzishwa na Wabelgiji wawili. Bwana Mchoraji alikuwa ametoka kuandika vibao vya stesheni za reli. Bwana Muuzaji alikuwa akiuza rangi. Mmoja hakuweza kuuza hata kiberiti, mwingine hakuweza kuchora hata yai. Walihitajiana, nao walijua, kwa hiyo walinuniana kila wiki.

Baadaye nilipandishwa, nikawa mwandishi wa herufi. Kwenye jiwe kila kitu huandikwa kinyume, kwa kuwa karatasi hukigeuza. Bwana Mchoraji alikagua herufi zangu kwa kioo. "Soma tena," alikuwa akisema. "Kioo haiko rafiki yako."

Ndipo likaja bango la unga: baba, mama na watoto wakila bukari, ugali wa kwetu. Herufi tulizipitisha kwenye kioo. Picha hakuna aliyeipitisha. Likabandikwa mtaani kwetu Katuba kote, na baba wa watu akawa anakula kwa mkono wa kushoto. Sokoni mama mmoja alinisimamisha, akitaka kujua unga wetu ni wa watu gani.

"Ule baba anakulaka na mukono ya kushoto. Bunga yenu njo ya bantu ba namna gani?"

Nilicheka, kisha nikaona haya.

Mwenye unga alilikataa bango. Bwana Muuzaji akasema ushirika umekwisha; Bwana Mchoraji akajibu kwamba mkono ni mkono, akaanza kufunga kalamu zake. Sisi wafanyakazi tulikuwa na watoto wa kulisha, na niliogopa kweli. Nikawaomba wote wawili waje kwangu Katuba Jumapili, waone watu wanavyokula, ndipo waachane wakitaka.

Walikuja bila kusemezana. Mke wangu aliwanawisha kwa beseni moja, akawawekea bukari katika sahani moja. Bwana Mchoraji alichora kwa mkono wa kuume huku akimega kwa wa kushoto. Mke wangu akamtazama.

"Bwana, weka kalamu. Kula kwanza."

Bwana Muuzaji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mwenzake naye akashindwa kujizuia. Jumatatu nililisugua lile jiwe, wakaanza upya, na mwenye unga akakubali.

Walibaki pamoja mpaka walipozeeka na kurudi kwao. Mimi pia nimestaafu. Mabango mazuri yaliishia kwenye jua na mvua. Lile lililokataliwa ndilo lililosalia. Liko ukutani kwangu, juu ya meza ya chakula. Wajukuu hulicheka, wakisema mtu wangu anakula vibaya.

"Mumuache amalize," nawajibu. "Njo yeye alitukulisha."