Posa Iliyokosa Amina

Ndugu zangu, aibu hii naikiri mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, maana yeye huisimulia vibaya zaidi: siku nilipokwenda kuposa, niliwaacha watu wazima wamefumba macho nikaenda zangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa seremala, naishi Kangemi, na Rispa alikuwa binti ya Mzee Zakayo wa Jamhuri, mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwake sala ikianza hakuna anayefumbua jicho mpaka aliyeianza aseme Amina. Nilifika na wajomba zangu, kuku yuko mezani anafuka moshi, mzee akaniambia, "Kijana, tumesikia wewe ni mtu wa maombi. Tuongoze." Nikajua napimwa.

Tukasimama. Nilianza vizuri, nikashukuru kwa safari, kwa wazee, kwa mvua, na nilipotaja mvua nikasikia mfereji wa uani ukidondosha maji, to, to, to. Nikawaza, wamefumba macho, nitaufunga na kurudi kabla hawajajua (hapo ndipo nilipopotea). Kumbe mpira wake wa ndani ulikuwa umekwisha, nikaenda kwa jirani kuomba kisu na kipande cha tyubu ya baiskeli, nikautengeneza ukanyamaza, nikarudisha kisu, nikakuta jirani ana kiti kilichong'oka mguu, na mimi kiti kibovu hakinipiti. Nikaketi. Posa yote ikanitoka kichwani.

Rispa, aliyekuwa jikoni na mama yake, ndiye aliyenikuta na gundi vidoleni. "Wewe! Watu bado wamesimama! Mjomba wako anasema umeshukiwa na Roho, na baba anangoja Amina!"

Niliporudi mzee alifumbua macho, akamtazama kuku aliyepoa, akanitazama mimi. "Mtu anayemwacha Mungu katikati ya sentensi, binti yangu atamwacha wapi?"

Wajomba wakaanza kutafuta kofia zao.

"Baba," Rispa akasema, "mfereji umevuja tangu Pasaka. Hebu sikiliza sasa."

Tukasikiliza. Kimya. Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Na tangu Pasaka ni nani husema 'kesho'?"

Mzee akakohoa. "Haya kijana. Malizia."

Miaka mingi baadaye mwalimu alimwita mjukuu wangu mkaidi kwa kutotulia darasani, tukampeleka kwa daktari. Akatueleza kuwa wapo watu ambao akili zao huvutwa na kila sauti na kila kitu, si kwa uvivu wala dharau, na fimbo haiwatibu, bali uvumilivu na msaada. Akamwuliza mtoto maswali, nikajikuta nayajibu mimi. Nilitokwa na machozi ya shukrani, maana miaka yote hiyo nilikuwa nikitubu kitu ambacho hakikuwa dhambi.

Hata hivyo nimeapa: siombi tena mbele ya watu pasipo Rispa kunishika mkono. Vijana kanisani wakituona hunong'ona, "Tazama wazee hawa wanavyopendana." Tunapendana kweli, Bwana asifiwe, lakini laiti wangejua anavyonibana vidole!