Mizunguko Minane ya Kebo

Saa tatu asubuhi, Fundi Antena yuko juu ya paa la mwalimu mstaafu, anazungusha kebo. Mizunguko minane, upana wa sahani, anaibana kwa kamba pale kebo inapoungana na antena. Mtaa mzima unamjua kwa domo lake, lakini leo anaongea kwa sauti ya chini. Ng'ambo ya ukuta cherehani ya mama mjane inalia, naye hataki kutazama upande huo.

"Hii ilitakiwa iwepo tangu siku ya kwanza," anamwambia mwalimu anayemshikia ngazi. "Naona aibu hata kukusimulia."

Mwalimu ana redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa burudani. Fundi, mwenye miaka kumi na tisa katika kazi hii, ndiye aliyemfungia antena, akapitisha kebo kando ya dirisha la jirani. Tangu hapo, kila mwalimu alipozungumza, sauti yake ilikoroma ndani ya redio ya mjane. Mama akaja kulalamika.

"Nikamwambia, 'Mama, huo mkweche katupe.' Watu wakacheka. Nami nikacheka."

Mama akampa redio yake mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilikuwa redio ya marehemu mumewe.

Mkuki kwa nguruwe. Mwezi uliopita fundi naye alinunua redio ya ridhaa, akafunga antena yake mwenyewe nyumbani, na alipofungua mdomo tu kuijaribu, redio ya jikoni ikakoroma kwa sauti yake. Mkewe akauliza, "Baba watoto, na huu nao mkweche?"

Kosa alilijua. Bila ile mizunguko, umeme wa redio hurudi kwa nje ya kebo, na kebo nzima hugeuka antena.

"Nilifundishwa vizuri tu. Lakini mizunguko inakula mita sita za kebo. Nikawa nairuka. Uvivu na ubahili, basi."

Anashuka. Mwalimu anaingia ndani na kuanza kuzungumza redioni, naye fundi anasimama dirishani kwa mama, redio mpya ikipiga muziki mkononi. Muziki unaendelea, hakuna mkoromo.

Anainyoosha kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe. Mkweche nilikuwa mimi."

Mama haipokei. "Ile mume wangu alichonga jina langu nyuma, kwa msumari."

Fundi ameshapita kwa wanunuzi sita wa vyuma chakavu. Kila Jumamosi ataendelea, anasema, mpaka wamchoke.

"Nitaitafuta, mama."

"Ukipata hata kile kifuniko cha nyuma tu," anajibu mama, akirudi kwenye cherehani, "niletee."