Chuma cha Kushikia

Jirani yangu wa Tibirinzi huunda vichwa vya treni vinavyoenea kiganjani, katika kisiwa kisicho na reli hata shubiri moja. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe, lakini akibandika taa, ndogo kama punje ya mtama, kwa ncha ya mwiba wa mdimu, hubana pumzi, mikono ikatulia. Jana alikipaka rangi ya manjano chuma cha kushikia mlangoni mwa kichwa kimojawapo, akangoja ikauke, kisha akaanza kuikwangua kwa sindano.

“Baba Haroub, mbona waiharibu?” mkewe akamuuliza.

“Siiharibu. Miaka thelathini nimeendesha treni huko bara. Hapa ndipo mkono wangu ulipoimaliza rangi.”

Akanyoosha kidole apashike. Kidole kile kimoja kikaziba mlango mzima.