Meno ya Mgongoni

Walburga Ndunguru hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya kazi yake. Ukipita karakana yake pale Msamala, mjini Songea, ukamsifia kitu alichokichonga, hakusema amejaribu tu. Alisema, "Umeona, eh?" kisha akakigeuza ukione na upande wa pili. Alikuwa mkerezaji wa vyuma, mwanamke mwenye sauti ya kushindana na mashine, na kampuni ya Mzee Hironimus, inayochimba visima virefu, ilimtegemea kwa kila kipuri kilicholika au kukatika.

Ndiyo maana siku ile ya Mbesa ilimuuma sana.

Alipigiwa simu aende na vifaa vya kukatia vyuma, akafunga safari ndefu ya kwenda Mbesa, kijiji cha huko Tunduru. Alipofika, hali ilikuwa mbaya. Ardhi ya pale ina tabaka nene la mchanga na kokoto juu ya mwamba. Nyundo, lile dude refu la chuma linaloshushwa chini kabisa ya kisima na kugonga mwamba kwa nguvu ya upepo wa kompresa huku likizunguka, ilikuwa imelipita tabaka hilo salama. Ilipoanza kupandishwa, kokoto zikaporomoka juu yake. Kila Abdul, mwendesha mtambo, alipovuta, kokoto zilijikaza kama kabari. Hatimaye hawakuwa na la kufanya. Walburga akayakata mabomba yaliyoishikilia nyundo, nayo ikabaki ardhini, shimo likafukiwa.

Bibi Asma, mama mtu mzima aliyekuwa amekuja na ndoo yake tangu asubuhi, akamsogelea Abdul.

"Sasa mwanangu mnafunga mizigo. Maji yako wapi?"

"Yapo chini, bibi."

"Kwamba yapo chini hata mimi nilijua kabla hamjaja."

Njia nzima ya kurudi Songea Walburga alikuwa akikigeuzageuza mkononi kipande cha bomba alilolikata.

Kesho yake hakuwasha mashine. Alikwenda nyuma ya karakana kilikolundikwa chuma chakavu cha kampuni, akaanza kuzitoa biti za zamani, yale meno ya mbele ya nyundo, moja moja. Alizipanga sakafuni akaziinamia. Usoni zilikuwa zimelika taratibu, kama inavyotakiwa. Lakini mabegani, upande wa nyuma, zilikuwa na mikwaruzo mirefu, nyingine zimemong'onyoka vibaya. Alipitisha kidole kwenye mkwaruzo mmoja, akasimama wima.

Alimpigia simu Tumpe, mhandisi kijana aliyetoka Mbeya na kuajiriwa na Mzee Hironimus.

"Tumpe, njoo. Nimepata kitu."

"Shikamoo dada. Kitu gani?"

"Marahaba. Njoo kwanza, ukishaona ndipo uulize."

Tumpe alikuja na vumbi la mtaa wa Ruhuwiko viatuni. Walburga akamwonyesha ile mikwaruzo. "Wakati wa kutoka, mawe ndiyo yanaitafuna nyundo kwa nyuma. Nasi tumeipa meno mbele tu. Tuipe na mgongoni, nayo iyatafune."

Tumpe akachuchumaa, akachukua chaki na kuanza kuchora sakafuni. "Itabidi izunguke upande uleule inaochimbia," alisema. "Ikigeuzwa, mabomba yatafunguka humo humo ndani. Na unga wa mawe lazima upate pa kupita, la sivyo utaganda na kuifunga upya. Tuchonge mifereji ubavuni, ili upepo uupandishe juu."

"Mifereji sikuiwaza," Walburga alikiri.

"Na mimi meno sikuyawaza, dada."

Walianza siku hiyohiyo. Walichonga bangili nene ya chuma ya kuvishwa nyuma ya nyundo, Walburga akayachomelea meno juu yake. Waliijaribu kwenye shimo walilolichimba uwanjani kwa kampuni na kulijaza kokoto makusudi. Meno yakatoka kama punje za mahindi. Mzee Hironimus, aliyekuwa amesimama pembeni, aliwaambia bila ukali, "Nimeona mlichotaka kufanya. Rudini mkakifanye."

Tumpe ndiye aliyegundua kosa: moto wa kuchomelea ulikuwa umekilainisha chuma pale pale kilipotakiwa kuwa kigumu. Basi safari hii hawakuchomelea kitu. Walburga alitoboa vishimo vyembamba kuliko meno yenyewe kwa tofauti ndogo ya kama unywele, wakaipasha bangili moto wa wastani mpaka ikatanuka, wakayadumbukiza meno, ikapoa ikayabana. Aliligonga jino moja kwa nyundo ya mkono. Halikutikisika. Akaligonga tena kwa hasira zote za Mbesa.

"Umeona, eh?" akasema, akaigeuza bangili.

Walirudi Mbesa kiangazi kilipokuwa kimepamba moto. Bibi Asma aliwatambua. Walburga alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia huku akiutazama mtambo kwa macho ya mtu aliyewahi kudanganywa.

Abdul alichimba hatua chache kutoka kwenye shimo la zamani. Nyundo ilipita kokoto, ikaingia mwambani. Alipoanza kuipandisha ili washushe mabomba ya kuzuia kuta zisibomoke, mtambo ukaguna, nyaya zikakazika, nyundo ikasimama. Kokoto zilikuwa zimeporomoka tena, kama mara ile.

Abdul akamgeukia Walburga.

"Fundi, nifanyeje?"

"Zungusha vilevile. Upepo wote. Vuta polepole, usiwe na haraka nayo."

Abdul akazungusha. Kwa muda hakikutokea kitu ila kelele. Kisha mdomoni mwa shimo likapanda vumbi, mwanzo jembamba, halafu zito, likifuatwa na vipande vya kokoto zilizosagwa vikiruka kama bisi.

"Inatafuna!" Tumpe akapiga kelele. "Dada, inatafuna!"

Nyundo ikapanda. Ilitoka nzima, imejaa vumbi, meno yote ya mgongoni yakiwa mahali pake. Walburga aliikumbatia ikiwa bado na joto, gauni likachafuka, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wakashusha mabomba ya kuzuia kuta, wakaendelea kuchimba. Jioni haijaingia, shimo likakohoa na kurusha maji juu, mekundu kwanza, kisha meupe. Vigelegele vikapasua hewa. Bibi Asma alitega viganja, akanywa, akajimwagia yaliyobaki kichwani, ushungi na yote.

"Alhamdulillahi," akasema, akamshika Walburga mkono. "Leo mmeyatoa kweli."

Habari ilisambaa. Wachimbaji wa Namtumbo na Mbinga wakaja Msamala kuagiza bangili zao, na Mzee Hironimus akamnunulia Walburga mashine kubwa zaidi, huku Tumpe akihamishia meza yake karakanani. Jina la kitaalamu la kifaa kile hakuna anayelitumia. Juzi Walburga alikuwa dukani akinunua sukari, akamsikia mwanamume asiyemfahamu akiongea kwenye simu, viatu vimejaa tope la kisimani:

"Tulinasa vibaya, bosi, lakini usihofu. Nyundo ilikuwa na Walburga mgongoni; ameyatafuna mawe yote, katoka mwenyewe."

Walburga alichukua sukari yake, akatoka dukani kifua mbele.